Daftari Juu ya Boneti

Nakawa, saa nne. Katusabe amepiga mistari daftarini.
Safu ya kwanza: Harrier. Ya pili: Forester.
Bei hazipishani sana;
kinachopishana hakikubandikwa kiooni:
lita za kwenda Fort Portal na kurudi,
bima, matairi manne,
shokabsoba zitakazoliwa na njia ya Bukuku.

"Chema chajiuza," asema muuzaji.
Mbona hiki kimeoshwa mara tatu tangu asubuhi?

Fundi Sekiziyivu anajivuta kutoka uvunguni,
kidole kimelowa oili.
"Mama, kununua ni harusi.
Spea ndiyo ndoa."

Anakata safu ya kwanza.
Ya pili anaikodolea:
wino wa karo ya Ategeka
umepenya kutoka nyuma ya karatasi,
ukajiandika katikati ya mafuta.