Kilo Tisa

Shangazi Rozalija aliniachia Zastava ya mwaka sitini na sita,
rangi ya maziwa yaliyolala, milango inafungukia nyuma
kama mwenyeji anayekukaribisha huku akirudi kinyumenyume.
Miaka kumi na tisa imo zizini hapa, Cerkno.
Panya wamezalia kwenye kiti. Kutu imekula sakafu
hata ukikaa, miguu yako inakanyaga samadi kavu
ya ng'ombe waliokwisha kuliwa.

Niliichora theluji ikiwa imefika dirishani,
upande mweupe wa karatasi za kupambia ukuta
zilizobaki tangu mama alipopamba chumba akakinai.
Nilichora, nikafuta. Paa la gari lilinifika kifuani.
Nilitaka liniishie kiunoni.

Silvo, fundi wa kuchomelea, akauzunguka mchoro mara mbili
bila kuvua glavu.
"Hiki ni kiatu cha mtoto," akasema,
"nawe unataka kukivaa ukimbie mlimani."
"Ndiyo."
"Haya. Tukate kisigino."

Tukakata.
Cheche zikaruka hadi kwenye hori.
Chini ya rangi ya maziwa, buluu; chini ya buluu, kijivu;
chini ya kijivu, chuma chembamba kama ganda la yai,
na mimi ninakishikilia, nikiogopa kupiga chafya.

Injini ilikuwa ya pikipiki, silinda nne,
ya kijana wa Tolmin aliyevunjika goti;
aliiuza kwa bei ya mtu asiyetaka kuiona tena.
Ikawa pana kuliko tumbo la gari kwa vidole vinne.
Vidole vinne!
Wiki tatu nililala navyo na kuamka navyo,
gizani nikiisukuma injini kushoto, kulia,
nikiinamisha kama mtu anayepitisha kabati mlangoni.
Halafu nikakumbuka kazi aliyoifanya shangazi bondeni humu
kwa miaka arobaini na mmoja:
mtoto akikaa vibaya, humvuti.
Unamgeuza.
Nikaigeuza. Ikaingia.

Rejeta ikakaa mbele, palipokaa mkoba wake.
Madigadi tukayatanua kwa mabati ya paa la kanisa
(Silvo hasemi aliyapataje).
Mlango wa injini tukauacha wazi, umeegemea vijiti viwili,
ipumue.

Mlangoni palikuwa na bonyeo: swala wa msituni
alimrukia usiku ule wa mapacha wa kina Pirih.
Silvo akainua nyundo.
"Hilo liache."
"Litashika upepo."
"Lishike."

Kisha nikashikwa na wazimu wa gramu.
Nikatoboa kanyagio, nikatoboa bawaba,
nikatoboa mkono wa gia hadi ukawa filimbi.
Vumbi la chuma likajaa kikombe.
Nikakipima kile kikombe, nikacheka peke yangu.

Siku ya ukaguzi gari likapanda kwenye mizani ya chama.
Mkaguzi, mdomo umejaa keki ya plamu,
akatazama namba, akatafuna, akatazama tena.
"Jepesi mno. Kilo tisa zimepungua."
"Zimepungua?"
"Kanuni ni kanuni, bibi."
Silvo akacheka hadi akaketi chini kwenye kokoto.
Matundu yangu yote yale.

Usiku nikafungua kabati la jikoni.
Mizani yake ya kupimia watoto wachanga imo, na mawe yake:
moja la kilo tano, mawili ya kilo mbili mbili,
yamelainika kwa mikono.
Daftari limo pia. Nikafunua mwaka wangu.
Jerneja, ameandika kwa penseli, kilo mbili na robo.
Na pembeni, kwa herufi ndogo: kelele nyingi.

Nimeyafunga mawe kwa boliti sakafuni,
mahali pa abiria.
Kesho saa tatu tunapanda mlima.
Silvo akawasha injini kuijaribu.
Ng'ambo ya bonde, mtu akafunga dirisha.