Swali la Kumi na Nne

Rezekne, ghorofa ya tano. Lifti hakuna.
Nilifika mlangoni nikihema, dodoso kwapani.
Bi Skaidrite, miaka themanini na sita,
alikwisha kunimiminia chai.

"Je, unaweza kupanda ngazi bila msaada?"

"Kupanda naweza," akasema, akikoroga jemu kikombeni.
"Ila tangu majani yapukutike sijashuka."

Visanduku ni viwili: ndiyo, hapana.
Kalamu ikasita.
Swali limeuliza kupanda.
Nikatia tiki kwenye ndiyo.

Kisha akaniuliza yeye, na mwulizaji ni mimi:
"Benchi la kijani, pale chini, lipo bado?
Macho yangu hayafiki, na theluji imefunika kila kitu."
Nilipita pale nikija. Zimebaki skrubu nne kwenye saruji.
Nikasema lipo.

Mwezi wa nne ripoti ikatoka, jalada linang'aa:
sabini na moja kwa mia ya wazee wa ghorofani
hupanda ngazi bila shida.
Fungu la lifti likapelekwa kwenye maegesho.

Katika hao sabini na moja
mmoja namjua kwa kijiko chake.

Theluji imeyeyuka.
Labda jirani amekwisha kumwambia
kuhusu benchi.