Kadi Iliyoliwa na Radi

Hakuna kadi ya mtandao iliyopatikana,
kinasema kisakinishi kwa herufi nyeupe,
kwa adabu ya karani anayefunga dirisha foleni ikiwa bado ndefu.
Mara ya tano hii.

Kompyuta ni ya marehemu baba. Nimeitoa bandani,
nyuma ya mapipa ya asali, hapa Räpina,
ambako theluji imepanda hadi kizingiti cha dirisha
na mbwa wa jirani amechoka kubweka.
Dada yangu Helve alisema, itupe.
Nikasema bado nzima, itanitunzia hesabu za mizinga.
Ndivyo tusemavyo tusiojua kutupa.

Basi nikaanza pale aanzapo kila mtu: waya.
Nikachomoa, nikachomeka, nikaleta mwingine, wa bluu,
niliouiba dakika hiyohiyo kwenye mashine ya binti yangu
(Mirtel, toka ghorofani: “Nani kakata?”).
Kitaa kando ya tundu hakikuwaka,
si kijani, si chungwa.
Jicho la samaki sokoni.

Nikapuliza vumbi. Nikatoa nyuki mmoja mkavu
aliyekufa juu ya feni akidhani ni ua.
Nikajaza viendeshi kwenye flashi, vya kampuni tatu,
mojawapo ilishafilisika,
nikavilisha kimoja kimoja
kama amlishaye mgonjwa aliyekwisha kufumba mdomo.

Saa tano usiku ndipo nilipofanya
nilichopaswa kufanya saa moja:
nikaiambia mashine iwataje wote wa nyumbani mwake.
Ikataja. Ya sauti, ipo. Ya picha, ipo.
Daraja hili, daraja lile, saa, kidhibiti cha diski.
Ya mtandao haikutajwa,
hata kwa jina la kitu kisichojulikana.
Hapo nikaacha viendeshi.
Dereva humpi ufunguo
wa gari ambalo halipo uani.

Na jibu nilikuwa nalo tangu ujana.
Kiangazi cha mwaka elfu mbili na tatu radi iliupasua mwaloni wetu.
Kesho yake mtandao kwisha.
Baba alisimama mlangoni, mikono mifukoni:
“Radi imekula kadi, Raivo.”
Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikicheza hadi alfajiri
na watu wa Riga na Tampere niliowajua kwa majina ya kubuni.
Nililia chooni, bomba likiwa wazi.
Kisha nikarudi kwenye vitabu, nikafaulu hisabati,
nikawa hivi nilivyo.

Ila kadi hii haikuchomekwa popote;
imesukwa ndani ya ubao mama wenyewe,
na ubao hauna doa, hauna harufu ya kuungua.
Radi gani hii, ilayo kwa kijiko?

Nikazima, nikawasha, nikaingia bayosi,
chumba cha chini ambako mfumo endeshi haufiki.
Mlango ukadai neno la siri.
Jina la mama: ukakataa.
Tarehe ya harusi yao: ukakataa.
Nikaandika Maasik, ng'ombe wetu wa pembe moja
aliyemlilia kuliko alivyomlilia babu.
Ukafunguka.

Ukurasa wa tatu, mstari wa nne.
Mtandao wa ubaoni: umezimwa.

Si radi. Kidole.
Kidole kinene cha mfuga nyuki
kilichojifunza menyu ya kigeni usiku mmoja mimi nimelala,
kikabonyeza chini, chini, chini,
kikahifadhi, kikatoka.
Njia ya mwongo ni fupi, wanasema.
Ya baba ilikwenda miaka ishirini na miwili,
ikampita mwenyewe kaburini,
ikaingia bandani, ikakaa ikinisubiri.

Nikawasha. Kitaa, kijani.
Kisakinishi kikaomba anwani, kikapewa, kikaendelea
kana kwamba hakijanikana mara tano.
Neno la siri sikulibadilisha.

Saa saba usiku. Juu, chini ya mlango wa Mirtel,
ufito wa mwanga wa samawati,
na kicheko kilichozibwa kwa mto.
Kesho ana mtihani wa kemia.
Nimesimama mbele ya ruta, kidole juu,
natafuta cha kumwambia asubuhi.
Radi, nafikiria.

Januari hii.