C Mbili, M Mbili

Boston ya Lincolnshire, saa moja kasorobo asubuhi,
Ilze anamwandikia meneja wa kiwanda cha kabichi.
Goti lake la kushoto limeumuka kama unga wa mkate.
Anataka kiti. Basi.

Lakini Kiingereza cha barua hakiombi kiti hivihivi.
Kwanza kinabisha hodi, kinafuta miguu,
kinashukuru kabla ya kupewa,
ndipo kinasema: ingewezekana, endapo haitasumbua,
mahitaji yangu yakatafutiwa nafasi.

Nafasi hiyo ina neno lake, refu,
jumba la vyumba vingi: c mbili, m mbili.
Ilze huandika m moja.
Binti yake, Dzintra, sare mwilini, mkate mdomoni,
anachungulia begani:
"Mama, umemfungia mmoja nje."

Anacheka. Anafuta. Anamfungulia.
Kisha analitazama neno, pacha kwa pacha,
moja imesogea, nyingine ikapata pa kukaa.
Neno linaijua kazi yake
kuliko waliolibandika ukutani kule kiwandani,
kwenye bango la bluu, juu ya mkanda unaokimbia,
mahali ambapo watu arobaini husimama kutwa
wakilisoma.

Anaikunja barua. Anaikunjua.
Chini ya sahihi, kwa kalamu ya Dzintra ya zambarau,
anaongeza mstari usiofuta miguu,
mfupi, hauna herufi ya kukosea:
naumwa,
nipeni kiti.