Mvumo, Barabara ya Kettering

Amplifaya niliinunua kwa mjane anayehama,
pauni thelathini, pamoja na spika mbili za mbao
zenye duara za vikombe vya chai juu yake.
"Zilikuwa za Roy," akasema,
kama anayekabidhi mbwa mkali.

Nikachomeka. Kabla ya kanda, kabla ya neno,
ikaanza: mmmmmmmm,
kama mtu aliyeulizwa swali akafunga mdomo.
Nikapunguza sauti. Vilevile.
Nikaongeza. Vilevile.
Ngoma ikivuma sana hupasuka;
hii ilivuma kidogo tu, usiku kucha,
na haikuwa na nia ya kupasuka.

Kanda yenyewe ni ya shangazi Mwajaha,
Korogwe, mwaka themanini na saba,
enzi za barua za kusemwa,
aliyepata safari Northampton akabebeshwa.
Nikaiweka. Kila "salamu" ikatoka na sindano.
Binti yangu Rukiya akaziba masikio,
akahamia jikoni na daftari zake.

Callum wa ghorofa ya juu alikuwa na dawa:
kata ule waya wa kijani na manjano.
Nilishika mkasi, kweli nilishika,
nikaona heri nimuulize Alford kwanza.

Alford wa Sentikitsi, aliyetengeneza makasha ya muziki
siku ambazo kumbi za kanisa hapa zilitetemeka Jumamosi
na Jumapili zikasali kama hazikuwepo.
Aliinusa amplifaya kabla hajaigusa.
"Waya wa ardhi ukiukata, mvumo utakwisha.
Nawe huenda ukaisha.
Kelele hazijaua mtu."

Akageuza spika, akasoma mgongoni: omu nne.
Akasoma amplifaya: omu nane.
"Kichwa cha debe moja umekitwisha mawili.
Kwa nini kisilie?"
Akatoa garini mwake spika nyingine, mbovu wa sura,
akazisogeza mbali na kioo cha dirisha,
ukuta mtupu akautundikia blanketi langu zuri
bila kuniuliza.

Kisha akaanza kuchomoa.
Chaja. Taa. Friji. Televisheni.
Nyumba ikawa kama kwetu umeme ukikatika,
ila hapa hakuna mtoto aliyeshangilia mtaani.
Akarudisha kimoja kimoja, sikio mlangoni mwa sauti,
mpaka kebo ya antena, ile ipandayo bombani mwa moshi:
mmmmmmmm.

"Ina ardhi mbili," akasema. "Moja kwenye plagi,
moja juu ya paa. Umeme unazungukazunguka katikati."
Akanitazama, akingoja.
Nilijua anachongoja niseme, mimi mwenye pasi mbili.
Nikamwuliza sukari ngapi.

Kidude cha kutenganisha, saizi ya kiberiti,
pauni nane. Akakifunga.
Kimya kikaketi sebuleni kama mgeni aliyevua viatu.

Nikarudisha kanda.
"Salamu sana," akasema shangazi,
na chini yake, taratibu: mmmmmmmm.

Alford akasonya. Akasimamisha kanda: kimya.
Akaiachia: mmm.
Akapapasa nyaya zote upya, jasho kipajini.
Mimi nikasikia chupa zikigongana.
Friji la soda. Lile la dukani kwake,
lililotetemeka kama mwenye homa;
aliketi kando yake, redio ya betri mapajani,
akituhesabia nani kaoa, nani kafa, nani anadaiwa.

Alford akapeleka kidole kwenye kitufe
apunguze ukali wa sauti.
Acha, nikamwambia. Huo ni wake.
Aliwahi kumrudisha mtoza ushuru
kutoka ng'ambo ya barabara kwa sauti hiyohiyo.

Tukasikiliza. Hakuelewa neno, alikunywa chai.
Dakika ya kumi na moja, tetemo moja kubwa, chupa zikalia,
kisha hakuna.
"Basi, umekatika," akasema Mwajaha,
akaendelea kusema gizani,
safi, karibu, kama yuko nyuma ya blanketi.

Alford akaweka kikombe chini.
"Umegusa nini?"