Mrututu wa Chuma

Si ule wa bluu wa dukani, wa kutilia vidonda.
Huu ni wa kijani, kijani cha chupa ya soda
iliyokaa juani mpaka ikachuja,
nami nimeuona mara mbili tu, zote kiangazi,
katika duara la Athumani Nampembe, Mbekenyera,
mita kumi na nane chini, ukuta wa kusini,
pale matimba yalipoanza kuoza.

Umeota kama nywele.
Sitanii: nywele, zimejikunja nchani,
zinatoka kwenye lile jiwe la kung'aa
ambalo kila mgeni hulishika akadhani ametajirika.
Jiwe hilo ni chuma na salfa,
salfa kama hii tunayoipulizia mikorosho
ikatukaa kooni mpaka usiku.
Likipata hewa na unyevu kidogo, linajila.
Kinachoota ni jasho lake.

Niliandika daftarini kama nilivyofundishwa.
Ugumu: ukucha wangu unauchana.
Mng'ao: wa kioo.
Ladha (mwalimu alikataza, nikaonja):
utamu, kisha uchachu,
kisha ulimi wote unajikunyata
kama umelamba bibo bichi na msumari kwa pamoja.
Unapopatikana: mahali palipoachwa.
Duara linalochimbwa haliuoteshi,
nyundo na vumbi haviupi nafasi.
Hapo nikasita, kalamu juu,

maana Athumani hakuliacha duara.
Ilikuwa Januari, mvua ya usiku, ukuta wa kaskazini.
Walimtoa siku ya pili, alasiri,
na tangu hapo hakuna aliyeshuka
ila mimi, na kamba ya kuazima.

Nilibeba kipande kwenye kopo la maziwa
hadi ofisini Ruangwa.
Kila chembe ya chuma humo imeshika maji saba,
na joto la Septemba huyaita, moja baada ya jingine.
Yakiondoka matatu
si mrututu tena, wataalamu wanaupa jina jingine:
mweupe, kama unga wa muhogo uliosahauliwa uani.
Siku ya nne mkuu wangu aliuliza, sampuli iko wapi?
Nikafungua kopo.
Akaandika kwenye leja: haipo.

Ungebaki ukutani ungekwisha vilevile.
Desemba maji yakiingia yanauosha wote,
yanatokea chini ya kilima yakiwa mekundu, makali,
vyura wanayahama,
na jiwe linaanza upya kujila.

Nikampelekea Somoe, mkewe, ule unga.
Sijui kwa nini. Nilitaka awe na kitu cha kule chini.
Hakulia. Aliunusa, akaurudishia kifuniko,
akaendelea kubangua.
Pembeni yake beseni: ule utando mwekundu wa korosho
umelowa tangu juzi, maji yake rangi ya chai.
"Bibi alikuwa akizika ukindu kwenye tope la mtoni,"
akasema, "uwe mweusi. Tope lenye kutu."
Akachota unga kwa ncha ya kisu, akautia.

Maji yakageuka mbele ya macho yangu,
zambarau kwanza, halafu usiku.

Akatafuta unyoya wa kuku, akauchonga.
Akafungua daftari la shule la mtoto, ukurasa wa nyuma,
akaandika, polepole, herufi kubwa:
mwenye karasha, laki mbili na nusu.
Chinguile, mifuko sita ya mawe.
Yule wa Nachingwea, pampu, hakuirudisha.
Maandishi yalikuwa hafifu, karibu yasionekane.
Nilipopita asubuhi yalikuwa yameiva,
meusi kuliko wino wowote wa ofisini.

Nimesoma kwamba wino wa namna hii
una ukali ndani yake, hula karatasi taratibu,
mpaka herufi zinadondoka zikaacha matundu
yenye umbo la majina.
Nikamwambia, maana kazi yangu ni kusema sifa zote.

"Baada ya muda gani?"
Labda miaka mia.
Akapuliza ukurasa, akalifunga daftari.
"Basi watakuwa wamelipa."