Kura ya Saba

Tulikuwa saba nyuma ya duka la Obitre, mjini Arua,
mlango nusu wazi, jenereta likikohoa,
na juu ya meza barua moja kutoka Juba,
mwandiko wa mtu aliyezoea kutia saini kwenye mipira:
Nataka kurudi nyumbani. Nipeni msimu mmoja.

Drani.
Miaka thelathini na minne kwa hesabu yake,
thelathini na minane kwa hesabu ya aliyesoma naye.

Mwenyekiti akasema, mcheza kwao hutunzwa.
Mhazini akasema, jina lake tu litajaza uwanja,
hata wale wa kuchungulia ukutani watalipa.
Kocha Candia hakuinua macho:
"Jina halirudi nyuma kukaba."
Mmoja akacheka, akajikuta anacheka peke yake.

Zikapigwa kura kwenye vipande vya mfuko wa sukari.
Tatu ndiyo. Tatu la.
Wakanigeukia mimi, mfua jezi,
niliyeingizwa kwenye kamati mwaka ule
waliposhindwa kunilipa.

Nalijua goti lile.
Miaka tisa soksi ya kulia ilinijia
ikinuka dawa ya kuchua, ya kushoto ikinuka jasho tu.
Na bao lile nalijua: mvua, dakika za nyongeza,
wageni wa kutoka Gulu wamejipanga kama ukuta wa bohari,
mpira umekwama dimbwini, kila mtu anausubiri utoke,
yeye akaufuata humo humo.
Usiku ule wenye mihogo ya kukaanga hawakudai senti,
na dada yangu akajifungua mvulana, akamwita Drani,
jina la msiba, katika nyumba isiyo na msiba.

Nikaomba wiki moja.

Jumamosi akashuka basini na mkoba mdogo,
akasalimia mpaka muuza maji.
Tukamchezesha na vijana. Dakika ya kumi, frikiki.
Uwanja ukanyamaza.
Mpira ukapanda, ukakunja kama zamani,
ukagonga mwamba, ukarudi,
nasi tukashangilia, tukakumbatiana,
watu wazima, tumeshangilia mwamba!

Kisha Ezati, kijana wa miaka kumi na tisa
anayeuza vocha mbele ya benki,
akamnyang'anya mpira, safi, bila kumgusa,
na watu wa kwao wakamzomea.
Nilimwona akisimama na mpira mguuni
kama aliyeokota pochi ya mtu,
akitafuta wa kumrudishia.

Hapo ndipo nilipopiga kura, siku tatu kabla ya kikao.

Wanasema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini.
Sawa. Hawasemi afungwe tena jembe.
Hivyo ndivyo nilivyojiambia, nikaandika "la",
na kalamu ikatoboa karatasi.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia, kwa dada yake, kule Oli.
Mguu ulikuwa ndani ya karai la maji ya chumvi.
Akaniangalia viatu, si uso, akajua.
"Kumi atavaa nani?"
Ezati, nikasema.
Akalisukuma karai kando, taratibu.
"Mwambie uwanja wetu unainama upande wa soko.
Macho hayaoni. Mpira unajua.
Akipiga, alenge hatua moja juu ya anapotaka.
Mimi ilinichukua miaka mitatu kugundua,
na sikumwambia mtu."

Jumapili tukafungwa mbili bila.
Mhazini hasemi nami; watu mia na kumi tu walilipa.
Usiku nikafua namba kumi, nikaianika,
na sikujua kama nilitenda haki
au nilichoka tu kunusa ile dawa.

Ezati nimemwambia.
Kila jioni yuko kule peke yake, na mpira mmoja,
analenga hatua moja juu,
anakosa,
anaufuata mpaka karibu na soko,
anarudi.